Kubwaga si kutua: mizigo ya Shinkolobwe na migongo iliyoibeba

LIKASI, HAUT-KATANGA – Jua likishapungua ukali, katika mitaa mingi ya Kongo vijana hukutana uani kunyanyua vyuma. Mara nyingi chuma chenyewe ni cha kujitengenezea: bomba lenye kopo la saruji kila upande, au fito nene la chuma lililovalishwa gia kuukuu za gari. Kijana huinama, hushika, huvuta, na kwa mkupuo mmoja chuma kinapanda kutoka chini hadi mabegani. Wenzake hushangilia. Hakuna anayeshangilia sekunde mbili zinazofuata, wakati chuma kinaporudi chini. Hapo ndipo vidole vya miguu huvunjika, kiuno hushtuka na saruji ya kopo hupasuka.

Katika kumbi za wenye fedha shida hiyo ina dawa yake. Sahani za uzito huko ni za mpira mnene. Mnyanyuaji akimaliza huachia, sahani hudunda, kazi imekwisha. Asiye na sahani za mpira hana ruhusa ya kuachia. Lazima akiongoze chuma chake mpaka kiguse ardhi.

Kiswahili kilitenganisha mambo haya mawili tangu zamani. Kubwaga mzigo ni kuutupa chini uanguke wenyewe. Kutua mzigo ni kuushusha ukiwa bado mikononi. Mtoto anayerudi kisimani na ndoo kichwani humwambia mama yake "nitue", na mama huja kupokea kwa mikono miwili.

Historia ya Shinkolobwe, karibu kilomita 20 magharibi ya Likasi, inaweza kusimuliwa kwa vitenzi hivyo viwili. Vitabu vimeandika vizuri kile kilichoinuliwa pale: tani ngapi, mwaka gani, kwa faida ya nani. Jinsi mizigo ilivyoshushwa, na nani aliumia ikishuka, hilo liliachiwa migongo ya watu.

Frasila mbili na mti wa kuegemeza

Kabla ya reli, kila kitu kilichotoka Katanga kilitoka juu ya mtu. Shaba iliyoyeyushwa katika tanuru za udongo, pembe za ndovu na chumvi vilisafiri kwa miguu. Wakati wa utawala wa M'siri, aliyeuawa Bunkeya mwezi Desemba 1891, misafara ilikwenda pande mbili: magharibi kuelekea Angola, na mashariki kuelekea pwani ya Waswahili.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu kilo 30. Kwa kipimo cha pwani hizo ni kama frasila mbili, kwa kuwa frasila moja ni karibu kilo 16. Uzito huo haukutokana na huruma ya wenye mali. Ulitokana na hesabu: mtu akipakiwa zaidi, hafiki.

Wapagazi walikuwa na maarifa ya kutua. Mizigo ya nguo ilifungwa pamoja na vijiti virefu vilivyochomoza upande mmoja. Msafara uliposimama, mpagazi hakuinama mpaka chini. Aliegemeza vijiti kwenye shina la mti, akatoa bega lake taratibu, mzigo ukabaki umesimama. Wakati wa kuondoka aliingiza bega tena na kwenda zake. Safari nzima ya miezi, mgongo wake haukulazimika kuvuta mzigo ule kutoka ardhini kila alipopumzika.

Mwisho wa njia ya pwani ulikuwa Bagamoyo. Watu wengi hulieleza jina hilo kuwa limetokana na maneno "bwaga moyo". Wako wanaosema ni faraja ya mpagazi aliyefika, na wako wanaosema ni uchungu wa mtumwa aliyekuwa anaiacha bara. Kwa vyovyote, pale mwisho tu ndipo neno la kubwaga lilipopata nafasi. Njiani ilikuwa ni kutua.

Jiwe dogo, uzito mkubwa

Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910, na mwaka 1913 ikafika Kambove, ikipita eneo la Likasi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji mikono mingi. Wanaume waliandikwa kazi kutoka Lomami, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na baadaye Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha mtindo: badala ya kuwarudisha watu kwao kila baada ya muda mfupi, iliwapa mikataba mirefu na kuleta wake na watoto katika makambi. Familia nyingi za Likasi zinaanzia hapo.

Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp, aliyekuwa akitafuta madini kwa ajili ya kampuni, aligundua mawe ya urani Shinkolobwe. Wenyeji walilijua eneo hilo kwa jina lake zamani. Inasimuliwa kwamba shinkolobwe ni tunda ambalo likichemshwa huonekana limepoa kwa nje huku ndani likiwa bado na moto, na mwenye kulibana huungua.

Uchimbaji ulianza mwaka 1921. Wakati huo dunia haikutaka urani. Ilitaka radiumu iliyojificha ndani yake, iliyotumika hospitalini kutibu saratani na pia kutengeneza rangi inayong'aa gizani kwenye saa. Mwaka 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilianza kutoa radiumu ya Kongo. Ili kupata gramu moja tu, zilihitajika tani kadhaa za jiwe lenye utajiri. Gramu hiyo ilibebwa Ulaya katika kichupa kidogo. Tani zilibebwa Katanga.

Na jiwe lenyewe lilikuwa na hila. Bidoni la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20, na kila mtoto wa Kikula anajua kulikadiria. Bidoni hilo hilo likiwa kipande kizima cha zege lingefika karibu kilo 48. Likiwa chuma kitupu, zaidi ya kilo 150. Likiwa jiwe safi la urani bila nafasi ndani yake, lingekaribia kilo 200. Mawe yaliyovunjwa huacha nafasi katikati, kwa hiyo uzito hupungua, lakini hila inabaki: jicho linaona mzigo wa mtoto, mgongo unakutana na mzigo wa watu watatu.

Hapo ndipo kushusha kunakuwa hatari kuliko kuinua. Mtu akiinua kitu kizito mno, mwili humwambia mapema: hakitoki chini. Anaweza kuacha bila hasara. Lakini akishakifikisha kifuani, ameshaingia mkataba. Hawezi kubaki nacho juu. Ni lazima kishuke, naye ana nguvu kidogo kuliko alizoanza nazo.

Karibu mwaka 1937 kampuni ilikuwa na akiba ya kutosha na mgodi ukafungwa. Maji yakaingia ndani.

Pipa lililoshushwa mara nne

Mwaka 1940, Wajerumani walipoivamia Ubelgiji, mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,200 za madini ya Shinkolobwe New York. Yaliwekwa katika ghala la Staten Island ndani ya mapipa ya chuma yaliyozidi 2,000. Yalikaa pale karibu miaka miwili bila mtu kuyauliza. Tarehe 18 Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alikwenda kwa Sengier, na kabla ya kuondoka walikuwa wamekubaliana kuuziana mzigo wote.

Wamarekani walikuwa na sababu. Katika jiwe bora la Shinkolobwe, urani ilifikia asilimia 65. Mawe ya nchi nyingine yalihesabiwa kuwa mazuri hata yakiwa na sehemu ndogo ya asilimia moja. Wahandisi wa jeshi lao wakaja Katanga, maji yakapigwa pampu, na mgodi ukafunguliwa upya. Wafanyakazi walivunja na kuchambua mawe kwa mikono, wakitenga meusi yenye urani na yale yasiyofaa.

Bandari ya Lobito ilikuwa karibu zaidi, lakini Angola ilitawaliwa na Wareno na wapelelezi waliogopwa. Mzigo ukapitishwa ndani ya Kongo. Treni iliupeleka hadi Ilebo, wakati huo Port-Francqui. Pale ulishushwa na kuwekwa katika mashua kubwa zilizoteremka mto Kasai na mto Kongo hadi Kinshasa. Pale ulishushwa tena na kupandishwa treni ya Matadi. Matadi ulishushwa tena na kuingizwa melini. Na ng'ambo, bandarini, ulishushwa mara ya nne.

Kila neno "ulishushwa" katika njia hiyo ni kikundi cha wanaume. Ramani za vita huonyesha mshale mmoja kutoka Katanga hadi Marekani, lakini mshale hauna kiuno. Pipa lina ukingo mkali chini, na likiponyoka haliangalii mguu ni wa nani.

Mambo hayo yalipita katikati ya uchungu mwingine. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma Likasi na Lubumbashi kwa sababu mshahara haukutosha na bei zilipanda kwa ajili ya vita. Tarehe 9 Desemba askari waliwafyatulia risasi waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Lubumbashi, na makumi ya watu wakafa. Kudai uzito upunguzwe kulikuwa na gharama yake.

Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lilianguka Hiroshima. Urani ya Shinkolobwe ilikuwa sehemu kubwa ya malighafi ya kazi ile. Mwaka 1946 Marekani ilimpa Sengier nishani ya heshima. Kwa waliojaza mapipa na kuyashusha, hakuna nishani inayojulikana.

Mizigo pembeni ya reli

Uhuru ulipokaribia mwaka 1960, Wabelgiji waliufunga mgodi na kuziba mashimo kwa zege. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ikawa ya serikali, na baadaye kampuni ikajulikana kwa jina la Gécamines. Kwa miaka mingi mfanyakazi wa Gécamines alikuwa na nyumba, hospitali, shule ya watoto na unga wa mwezi. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, ukaja uporaji wa 1991, na katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000.

Kampuni haikushuka polepole. Iliachiwa. Mishahara ilikatika, na familia zilizokuwa zimeinuliwa kwa miaka 60 zikafika chini kwa kishindo.

Likasi ilionja kishindo kingine. Kuanzia Septemba 1992 hadi 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao na kazi zao. Wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa wale walioletwa na kampuni. Maelfu kwa maelfu walikusanyika katika kituo cha reli na katika shule, wakisubiri treni kwa wiki, wengine kwa miezi. Walitandika maisha yao pembeni ya reli: masufuria, magodoro, cherehani. Wagonjwa na watoto wadogo walifariki kabla treni haijafika. Mizigo yao ilikuwa imetoka kichwani, lakini nani anaweza kusema walikuwa wametua?

Julai 2004

Gécamines ilipokosa kulipa, watu walirudi ardhini kwa mikono. Tangu mwaka 1997 wachimbaji wadogo, ambao Katanga yote huwaita kwa Kifaransa creuseurs, waliingia Shinkolobwe. Hawakufuata urani. Walitafuta heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti, lililokuwa na wanunuzi. Kijiji kikakua pembeni ya mgodi, na maelfu ya watu wakaishi kwa shimo hilo: wachimbaji, waoshaji wa mawe, wapika chakula, wauza maji, wenye kinga za kubeba mizigo.

Mfuko uliotengenezwa kwa kilo 50 za unga, ukijazwa jiwe la kobalti mpaka mdomoni, hupita kilo 100. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa limependekeza mtu mzima mwanamume asibebeshwe peke yake zaidi ya kilo 55. Shimoni hakuna mizani, na anayelipwa kwa mfuko hujaza mfuko.

Mfuko hutoka shimoni kwa kuvutwa kwa kamba au kupokezana kutoka mkono hadi mkono. Kisha huwekwa begani, kisha kwenye kinga, kisha chini ya miguu ya mnunuzi. Katika njia hiyo yote, mahali pabaya zaidi ni pale mbebaji anapofika amechoka, hakuna wa kumtua, naye anajipinda kiuno na kuachia bega moja. Uzito wote hushuka ukizungusha uti wa mgongo. Wengi wa wenye maumivu ya kiuno yasiyoisha hawawezi kutaja siku walipoumia wakiinua. Waliumia wakishusha, mara elfu, kidogo kidogo.

Januari 2004 amri ya Rais ilipiga marufuku uchimbaji Shinkolobwe. Watu waliendelea. Mwezi Julai sehemu ya mgodi iliporomoka. Watu wanane walikufa na wengine zaidi ya kumi wakajeruhiwa. Mwezi Agosti wakaaji waliondolewa na kijiji kikavunjwa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipofika mwishoni mwa Oktoba, waliona kwamba hatari ya haraka zaidi ilikuwa kuporomoka kwa ardhi, na kwamba kukaa muda mrefu karibu na mawe yenye mnururisho nako kuna madhara. Walishauri uchimbaji usirudi. Walishauri pia watu wa migodi ya namna hiyo watafutiwe njia nyingine ya kuishi.

Kufunga shimo lile kulikuwa na haki yake. Anayepinga awaulize jamaa za waliofukiwa. Lakini mambo mawili yalikuwa katika ushauri, na moja lilitekelezwa haraka kuliko jingine. Watu walitolewa juu ya mzigo uliowalisha bila kuonyeshwa mahali pa kuweka miguu. Wengine walikwenda Likasi, wengine Kambove, wengine kwenye mashimo mengine. Kwa lugha ya nyumbani, walibwagwa.

Chuma bila mpira: namna ya kutua

Basi arudiwe kijana wa uani na bomba lake la saruji. Yale ambayo mpagazi aliyajua kwa mti wake, naye anaweza kuyajua.

Kwanza ajue anashindana na nini. Chuma kinachoanguka kutoka mabegani, tuseme sentimita 130 juu ya ardhi, hufika chini kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa. Kikigonga saruji na kusimama ndani ya sentimita moja, ardhi hukirudishia pigo la zaidi ya mara 100 ya uzito wake. Chuma cha kilo 60 kinapiga kama karibu tani nane. Kikiangukia tairi linalobonyea sentimita kumi, pigo hushuka mara tisa hivi. Siri ya sahani za mpira ni hiyo tu: zinaupa uzito nafasi ya kusimama polepole. Na pale pasipo mpira, nafasi hiyo hutolewa na magoti, mapaja na akili ya mnyanyuaji.

Hata katika mashindano ya kimataifa, ambako sahani ni za mpira, mnyanyuaji haruhusiwi kukitupa chuma kutoka juu ya kichwa. Husubiri ishara ya mwamuzi, hukishusha mbele yake, na hukiachia tu kikishapita mabega. Kabla ya sahani za mpira, wanyanyuaji wa zamani walitumia chuma kitupu juu ya mbao, na kukirudisha chini kwa mikono ilikuwa sehemu ya kazi.

Chuma kikiwa mabegani, kisishushwe kwa mwendo mmoja mrefu hadi chini. Kigawanywe safari mbili, na kituo kiwe mapajani. Mnyanyuaji anasimama imara, miguu imeachana kwa upana wa nyonga, anavuta pumzi na kukaza tumbo. Anageuza viwiko viangalie chini, na kukiacha chuma kiteleze karibu kabisa na mwili, kama anashusha fulana. Kikimwacha mbali hata kwa kiganja kimoja, kiuno ndicho kitakacholipa. Mikono haiachii, kidole gumba kimefungwa chini ya vidole vingine. Chuma kinapofika juu ya mapaja, magoti na nyonga vinakunjika kidogo ili kukipokea. Hapo mwendo wote unakufa. Chuma kimetulia, mtu ametulia.

Safari ya pili inaanza hapo. Nyonga zinarudi nyuma, mgongo umenyooka, kifua hakianguki. Chuma kinafuata mapaja mpaka kipite magoti, kisha magoti yanakunjika na chuma kinafika chini. Mikono inaachia baada ya ardhi kupokea, si kabla. Anayekunja mgongo kama anaokota sindano hatumii miguu, na miguu ndiyo yenye nguvu.

Hakuna aibu kuinua mahali pa kutua. Mpagazi hakuinama mpaka chini, na kijana naye halazimiki. Tairi mbili kuukuu zilizolazwa kila upande, mifuko miwili ya mchanga, au magogo yaliyopigwa misumari yasiviringike, vinafupisha njia na kumeza pigo. Vipimwe kwanza na chuma chepesi. Makopo ya saruji yafungwe vizuri kwenye bomba, kwa sababu kopo likichomoka upande mmoja, upande wa pili hupinduka na kumvuta mtu.

Uzito wa kunyanyua uchaguliwe kwa kushuka. Kama kijana anaweza kukipandisha mara tano lakini mara ya nne na ya tano kinamponyoka akishusha, basi uwezo wake ni mara tatu. Misuli inayozuia mzigo ushuke hufanya kazi huku inarefuka, na kazi hiyo ndiyo huacha maumivu makali siku ya pili na ya tatu. Anayeanza aende kidogo, apumzike siku mbili, arudi.

Na kikiponyoka kweli, kiachwe. Asikidake wala asiweke goti chini yake. Arudi nyuma hatua moja, mikono mbali, na kiende. Kwa hiyo kabla ya kuanza, watoto waondolewe, mbwa afukuzwe, na pasiwe na mtu mbele wala nyuma. Kopo jipya la saruji hupatikana, mguu haupatikani.

Sheria hizo zinamfaa pia kijana wa mfuko wa makala na mama wa sokoni. Mfuko usitoke begani moja kwa moja hadi chini: upite kwanza juu ya meza, ukuta mfupi au mgongo wa kinga, mahali pa urefu wa kiuno. Kugeuka kufanyike kwa miguu. Kiuno kisisokotwe chini ya mzigo. Na mwenye mzigo asione haya kusema neno la utotoni, "nitue". Watu wawili wakishusha pamoja, mmoja ahesabu kwa sauti, ili wote waachie pamoja.

Kabla ya kuinua

Mpagazi alitazama mti kabla hajasimama. Mnyanyuaji hupanga tairi zake kabla hajagusa chuma. Katika zaidi ya miaka 80 ya Shinkolobwe, kuanzia 1915 hadi kijiji kilipovunjwa, kila aliyekuja aliuliza ni kiasi gani kinaweza kuinuliwa. Swali la pili, kwamba mzigo na mbebaji watatua wapi, liliulizwa kwa kuchelewa au halikuulizwa.

Familia zilizotoka kule bado zinaweza kuliuliza, na kwa mradi wowote unaokuja na ahadi za kazi zina haki ya kuliuliza mapema. Kazi ikianza, ni nzuri. Ikiisha, watu watashukia nini? Nani atasimama chini na mikono miwili?

Leo jioni, kwa kuanzia, tairi mbili kuukuu zilazwe uani.